Kuvua kwa Ndoano Mtera na Mito Yake Majira ya Mvua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Dodoma, Chamwino au Mpwapwa, pamoja na mtumishi aliyehamia makao makuu kikazi, ambaye anataka kuvua kwa ndoano kwa ajili ya burudani na kitoweo. Hayahusu uvuvi wa kibiashara wa nyavu, ambao una taratibu zake na wenyewe wanaoufahamu kuliko mwandishi huyu.

Bwawa la Mtera liko wapi, na maji yake yanatoka wapi?

Bwawa liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kwenye barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili. Ukitoka Dodoma mjini utapita Mlowa, Manzase na Fufu kabla ya kuteremka kwenye bonde lenye joto ambako maji yanaonekana ghafla. Upande wa kaskazini ni Mpwapwa na Chamwino, na upande wa kusini ni Wilaya ya Iringa, yenye vijiji vinavyojulikana kwa uvuvi kama Migoli na Izazi.

Mito mitatu ndiyo inayolilisha. Ruaha Mkuu hutoka nyanda za juu za kusini, hupita mabonde na ardhioevu ya Usangu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ndipo hufika Mtera. Ruaha Mdogo hutoka upande wa Mufindi, hupita pembeni mwa mji wa Iringa na kuungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa. Wa tatu ni Kisigo, unaotoka kaskazini-magharibi katika nchi kavu ya upande wa Manyoni, nao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mvuvi anayeijua tofauti ya mito hii mitatu amekwisha kujibu nusu ya maswali yake, kwa sababu kila mmoja huleta maji kwa wakati wake na kwa rangi yake.

Kwa nini ukingo wa maji hauko mahali palepale kila ninapokwenda?

Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi maji ya kuendeshea mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyo mbali zaidi mtoni kuelekea chini. Kituo cha Mtera chenyewe, chenye uwezo wa megawati 80, kilianza kazi mwaka 1988. Kwa hiyo maji hupanda kwa mvua na hushuka kwa mahitaji ya umeme, na mambo hayo mawili hayana ratiba moja.

Kimo cha juu cha maji ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kimo cha chini kinachoruhusiwa kwa uzalishaji ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu huenda isionekane kubwa, lakini Mtera ni bwawa pana lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600 linapojaa, na kina chake si kirefu. Mahali ambapo ardhi inateremka polepole, mita moja tu ya maji ikipungua huacha uwanda mkubwa wa tope ambao wiki chache baadaye huota nyasi na kuwa malisho ya ng'ombe. Maji yakirudi, uwanda huohuo huwa sehemu yenye chakula kingi kuliko zote bwawani, maana nyasi zilizozama, samadi na wadudu huamsha uhai wote wa majini kwa pamoja.

Kwa maneno mengine, usitafute mahali pazuri pa kuvulia Mtera kama mtu anayetafuta nyumba namba fulani. Tafuta mahali ambapo maji yamefika hivi karibuni.

Ni miezi gani inayofaa?

Nyanda za kati zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na kwa kawaida Dodoma hupata milimita 500 na ushee kwa mwaka. Kimo cha bwawa huwa chini kabisa mwanzoni mwa msimu, kisha hupanda kadiri mito inavyojaa, na hufikia kilele mvua zinapokaribia kwisha au muda mfupi baadaye.

Jibu la haraka ni kwamba kambale hushika vizuri maji yanapoanza kupanda na kuchafuka, na perege hushika vizuri maji yanapotulia na kusafika, yaani kuanzia Aprili mpaka Juni. Kati ya vipindi hivyo viwili kuna wiki ambazo mtu anaweza kukaa kutwa bila kuguswa chambo, akadhani samaki wamekwisha, kumbe wako katika shughuli ya kuzaliana au wametawanyika kwenye nyasi zilizofurika ambako ndoano haifiki. Julai, usiku unapokuwa na baridi na upepo ukivuma mchana, samaki hupunguza kula. Oktoba, maji yanapokuwa machache na samaki wamebanana, uvuvi huwa rahisi mno. Mwandishi huyu hauhesabu kuwa ujuzi.

Nitapata samaki gani?

Perege ndiye wa kwanza kwa umaarufu. Perege wa asili wa mfumo wa mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu ni sehemu yake, wanasayansi humwita Oreochromis urolepis. Anakula mwani, vijimea na vijidudu vidogo, kwa hiyo mdomo wake ni mdogo na namna yake ya kushika chambo ni ya woga.

Kambale, ambaye jina lake la kisayansi ni Clarias gariepinus, hula karibu kila kitu: samaki wadogo, wadudu, vyura, mizoga. Ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa kilicho juu ya matamvua, na ndiyo sababu anaweza kuishi katika dimbwi la tope ambalo perege angekufa ndani yake kwa saa chache.

Ngogogo hupatikana sana usiku, mara nyingi bila kutafutwa. Huyu ana miiba mitatu iliyosimama, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na akitolewa majini hutoa mlio wa kukwaruza kwa kuisugua ile miiba ya ubavuni kwenye viungo vyake. Usimshike kwa mkono mtupu hata awe mdogo kama kidole.

Wako pia jamii ya kuyu na ningu, ambao hupenda maji yanayotembea na huonekana zaidi kwenye midomo ya mito kuliko katikati ya bwawa.

Na yule samaki mwenye meno ya nje anayevutia wageni?

Huyo ni wa kundi la Hydrocynus. Mfumo wa Rufiji una aina mbili zake, na mojawapo ilielezwa kisayansi mwaka 1986 na kupewa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Wavuvi wa burudani kutoka nje humfuata hasa kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji huko Kilombero, ambako hufikia ukubwa wa kutisha. Kwa Mtera, usipange safari kwa ajili yake peke yake. Ukitaka kumjaribu kwenye maji yanayokwenda kasi, funga kipande cha waya wa chuma kati ya mshipi na ndoano, kwa sababu mshipi wa kawaida ataukata mara ya kwanza tu.

Je, kuna trauti au samoni Mtera au kwenye mito yake?

Hakuna, wala hawawezi kuwapo katika bwawa lenyewe. Trauti huhitaji maji ya baridi yenye oksijeni nyingi, na joto likizidi nyuzi 20 kwa muda mrefu huanza kutaabika. Maji ya Mtera huzidi hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Afrika Mashariki trauti waliletwa na walowezi wakati wa ukoloni na kupandikizwa kwenye vijito vya milimani tu.

Swali hili huulizwa na watu waliojifunza kuvua kupitia video za Marekani na Kanada, ambako kwenye yale maziwa makubwa majira ya kuchipua ndiyo msimu wa trauti kuingia mitoni kutaga, barafu inapoyeyuka na maji ya mito kupata uvuguvugu kidogo. Samoni wa Pasifiki wenyewe si wenyeji wa maziwa hayo: jimbo la Michigan lilianza kuwapandikiza kwa mafanikio mwaka 1966, nao hupanda mito wakati wa vuli. Mafunzo hayo yana faida kwetu kwa jambo moja, nalo ni kwamba samaki wa ziwa kubwa husogea kuelekea mdomo wa mto pale mto unapobadilika. Kule kinachowaamsha ni joto baada ya baridi. Huku ni maji mapya baada ya kiangazi. Lakini vile vifaa vya bei kubwa, manyoya ya rangi na mishipi ya kuelea, viache dukani.

Ni nini hasa hutokea mto unapoleta maji mapya kwa mara ya kwanza?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa msimu wote umejengwa juu yake.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha upande wa Manyoni, Kisigo unaweza kuamka kwa usiku mmoja. Maji yanayotangulia huwa mazito, ya rangi ya udongo mwekundu, yamebeba majani makavu, kinyesi cha mifugo, vijiti na povu la kahawia. Yakiingia bwawani hayachanganyiki mara moja. Ukisimama mahali palipoinuka utaona mstari unaotenganisha maji mekundu na maji ya kijani, na juu ya mstari huo povu na takataka zimejipanga. Kwa siku moja au mbili, samaki wengi walio upande mwekundu hukimbia au huzimia, kwa sababu uozo ule hula oksijeni na tope huziba matamvua. Perege huonekana wakivuta hewa juu ya maji, midomo wazi.

Kambale hana shida hiyo. Anapumua hewa, na badala ya macho anatumia sharubu zake nane kutafuta chakula gizani. Kwake mafuriko ni karamu: minyoo iliyofukuliwa, panzi waliozama, kumbikumbi waliodondoka kwa maelfu. Kwa hiyo chambo kikitupwa ukingoni mwa ule mstari wa povu, upande mwekundu, jioni, huwa hakikai muda mrefu. Mshipi hauchezi-chezi kama kwa perege. Unalegea kidogo, kisha unaanza kuondoka polepole, kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Subiri uondoke mita moja hivi ndipo uvute, tena kwa nguvu, kwa sababu mdomo wa kambale ni mgumu na ndoano butu huteleza.

Baada ya siku kadhaa za kupanda mfululizo, maji huanza kuingia nyasini. Hapo kambale huacha kula na kuanza kuzaliana, na mvuvi wa ndoano anapaswa kufunga vifaa vyake au ahamie kwingine.

Kwa nini nisivue kambale nyasini, ilhali wanaonekana kwa macho?

Kwa sababu ndio wakati wao pekee. Usiku baada ya mvua kubwa, kambale huingia kwa makundi katika maji ya kina cha magoti, dume na jike huzungukana, na jike huachia makumi ya maelfu ya mayai yanayonata kwenye nyasi. Wazazi huondoka na hawarudi kulinda chochote. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili hivi, kutegemea joto la maji, na makinda hubaki palepale kwenye nyasi yakila na kujificha mpaka maji yaanze kurudi.

Katika kina hicho samaki mwenye kilo tano hana pa kukimbilia, na watu huja na mapanga, marungu na tochi. Nyama inayopatikana ni nyingi kwa usiku mmoja, lakini majike yamejaa mayai na nyasi zinakanyagwa pamoja na kilichokwisha kutagwa. Mwandishi huyu haoni ugumu wa kusema kwamba ule si uvuvi, hata pale ambapo hakuna ofisa wa kuuzuia. Kambale walewale, wiki tatu baadaye, watakuwa wamerudi kwenye maji ya kina wakiwa na njaa kali, na huo ndio wakati wa ndoano.

Perege nao huzaliana vipi, na nitamtambuaje jike mwenye makinda?

Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga au tope laini, majini karibu na ukingo, na maji yakiwa safi mashimo hayo huonekana yamepangana kama sahani mezani. Jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai mdomoni, na hukaa nayo pamoja na makinda yatakayoanguliwa kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Katika kipindi hicho hali, au hula kidogo sana, kwa hiyo si rahisi kumnasa. Ikitokea, utaona sehemu ya chini ya taya imejaa na kushuka, na mara nyingi atatema makinda mkononi mwako au majini. Mrudishe pamoja nayo haraka, ukilowesha mikono kwanza ili usimtoe ute.

Ninahitaji vifaa gani?

Vichache. Kwa perege, ufito mwepesi au fimbo ya kawaida ya mita tatu, mshipi wa nguvu ya kilo nne hivi, ndoano ndogo ya namba 8 au 10, boya jembamba na chubwi (kizito cha kuzamishia mshipi) ndogo inayotosha tu kulisimamisha boya. Boya nene ni kosa la kawaida: perege akihisi uzito anatema, nawe unaona mtikisiko mmoja tu juu ya maji, basi.

Kwa kambale, mshipi wa kilo 15 au zaidi, ndoano kubwa na imara, chubwi nzito ya kutuliza chambo chini, na koleo la kutolea ndoano. Mti wa kuegemezea fimbo uchimbiwe kweli ardhini, kwa sababu kambale ameshazamisha fimbo nyingi za watu waliokwenda kununua soda.

Miti iliyozama wakati bwawa lilipojaa bado imesimama sehemu nyingi, mikavu na myeupe. Perege hupenda kukaa kwenye vivuli vyake, na ndoano nazo hupenda kunasa humo, kwa hiyo beba za akiba.

Chambo gani kinafaa?

Nyungunyungu hufaa kwa samaki wote na hupatikana kirahisi mvua zikianza. Fukua penye samadi au kando ya bomba linalovuja. Kwa perege, donge dogo la ugali uliokandwa mpaka ukanata hufanya kazi vizuri, na wapo wanaochanganya na pumba kidogo ili linuke. Kwa kambale, utumbo wa kuku uliolala siku moja juani hauna mpinzani, ingawa wenzako ndani ya gari watakuwa na maoni tofauti. Vipande vya sabuni ya mche pia hutumiwa na wavuvi wengi wa kambale, navyo hukamata, ila utumbo unashinda.

Kumbikumbi ni habari ya peke yake. Jioni wanaporuka, samaki wa kila aina hupanda juu kuwaokota, na ndoano ndogo yenye kumbikumbi wawili, bila chubwi, ikiachwa ielee, inaweza kukuletea perege mkubwa ambaye hajawahi kutazama ugali wako.

Je, ninahitaji leseni?

Ndiyo. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, na uvuvi wa burudani haukuachwa nje. Anzia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda kuvua, na kumbuka kwamba bwawa limegawanyika kati ya halmashauri za mikoa miwili. Mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, utakutana na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Jitambulishe kwao hata kama una karatasi zote.

Ulizia pia kama kuna kipindi cha kufunga uvuvi. Serikali hufanya hivyo inapoona akiba ya samaki imepungua, kama ilivyofunga Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Sumu, baruti, kokoro (wavu wa kukokota) na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) ni marufuku, na usinunue samaki waliovuliwa kwa njia hizo kwa kisingizio kwamba wewe si mvuvi.

Ninaweza kuvua mahali popote bwawani na mitoni?

Hapana. Ukuta wa bwawa na mitambo ya umeme ni eneo la ulinzi. Usivue wala kupiga picha hapo, na usibishane na askari. Chini ya kituo maji yanaweza kupanda ghafla mashine zinapowashwa, hivyo mawe yanayoonekana makavu asubuhi si mahali pa kukaa. Ukifuata Ruaha Mkuu kuelekea juu utafika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sehemu za Kisigo ziko ndani ya pori la akiba. Huko kuingia na fimbo bila kibali ni kosa.

Kwa nini Ruaha Mkuu unakauka wakati Ruaha Mdogo unatiririka?

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, hali iliyohusishwa hasa na maji kuchepushwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga Usangu na kudhoofika kwa ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na hifadhi ili kuilinda ardhioevu hiyo. Ruaha Mdogo una chanzo katika nyanda zenye mvua nyingi, kwa hiyo huendelea kuleta maji mwaka mzima, ingawa si mengi.

Kwa mvuvi maana yake ni hii: Novemba, mwingilio wa maji hai uko upande wa kusini-magharibi, na samaki wanaopenda maji yanayotembea watakuwa huko. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 na kusimama kwa mitambo ya maji Oktoba 2015 vilionyesha nchi nzima jinsi kimo cha Mtera kinavyoweza kushuka mvua zikikosekana.

Kuna hatari gani?

Mamba na viboko wapo, na wamewahi kuua watu. Usisimame majini, hata kwa kina cha vifundo vya miguu. Usioshe samaki palepale ulipokaa mchana kutwa, kwa sababu damu na matumbo humzoesha mamba kuja. Na jua likizama sogea mita kadhaa kutoka ukingoni, kwani viboko hutoka kwenda malishoni na njia zao huonekana wazi kwenye nyasi. Usiweke kiti chako juu ya njia hiyo.

Kichocho ni hatari isiyoonekana. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi bila maumivu, kwa hiyo kuogelea penye majani na maji yaliyotuama si jambo la kufanya. Ukiona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya. Ugonjwa una dawa, nayo ni prazikuanteli.

Upepo nao si wa kudharau. Bwawa hili ni pana, na upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi yanayozamisha mtumbwi uliojaa. Wavuvi wenyeji hutoka alfajiri na kurudi kabla ya saa tano, na ndivyo inavyokupasa wewe pia. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe.

Nitapataje mtumbwi, na nizungumze vipi na wenyeji?

Fika mwaloni mapema, salimia kwanza. Kwa mzee ni shikamoo kabla ya jambo lolote. Upande wa Dodoma wenyeji wengi ni Wagogo, na ukiwakuta wamekaa kikundi, «mbukwenyi» husikika vizuri kuliko kuanza na bei. Patana malipo ya mtumbwi, ya mwenye kasia na ya chambo kabla ya kupanda, na mkubaliane samaki watakaopatikana ni wa nani. Anayekupeleka akisema leo hatutoki, usimwongezee fedha ili atoke. Mwachie mzee wa watu uamuzi wake.

Kuna maji mengine karibu zaidi na Dodoma mjini?

Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, lina perege na linafaa kwa asubuhi moja. Ardhioevu ya Bahi, inayolishwa na mto Bubu, hujaa miaka ya mvua nzuri na kukauka kabisa miaka mibaya; ikijaa, kambale wake ni wengi kuliko unavyoweza kubeba, lakini ukingo wake ni tope tupu na hapafai kwa mwenye watoto.

Samaki nitawafikishaje nyumbani bila kuharibika?

Joto la bonde lile halisamehi. Watumbue samaki mara tu unapomaliza kuvua, ondoa matamvua, na uwaweke kwenye barafu uliyoibeba kutoka mjini katika chombo chenye mfuniko. Usitegemee kuipata njiani. Kambale apakwe majivu au chumvi na kusuguliwa ili utelezi utoke kabla ya kukatwa. Kama huna barafu, fanya kama wauzaji wa kando ya barabara wanavyofanya: mkate perege mistari ubavuni, mtie chumvi, umkaange palepale mpaka akauke, naye atafika Dodoma salama na ataliwa vizuri na ugali wa uwele. Kambale wa kubanika kwa moshi hudumu zaidi, ila moshi unataka usiku mzima na mtu wa kuangalia moto usiwe mkali.